Ranchi ya ng'ombe kwenye baridi ya nyuzi -35: tuelezane kazi inavyofanyika

#1 ZiziLaKaskazini

Wakuu, ikifika Novemba kila mwaka wanaibuka watu kuulizia kazi za ranchi za Montana na North Dakota (Marekani), Alberta na Saskatchewan (Kanada). Wanajibiwa kwa namna mbili tu: "utakufa na baridi" au "hela ipo". Majibu yote mawili hayamfundishi mtu kazi. Uzi huu ni wa kazi yenyewe. Mwenye ujuzi aongezee, ila tuachane na hadithi za safari na viza, nyuzi zake zipo tele.

Naanza na ng'ombe mwenyewe, maana wengi humwonea huruma mahali asipohitaji na kumsahau mahali anapoteseka.

Ng'ombe wa nyama mwenye afya, mwenye manyoya mazito ya majira ya baridi, na MKAVU, anavumilia hadi karibu nyuzi -8 za Selsiasi bila kuchoma chakula cha ziada ili ajipashe moto. Manyoya ya kawaida ya baridi, kikomo chake ni kama 0. Manyoya ya vuli ambayo hayajajaza, ni 7 hivi. Akilowa, kikomo kinaruka hadi nyuzi 15, hata manyoya yawe mazito vipi. Kwa hiyo ng'ombe aliyenyeshewa kwenye nyuzi 2 yuko taabani kuliko mwenzake mkavu aliyesimama kwenye -10 pasipo upepo. Ukiona theluji imelala mgongoni mwa ng'ombe haiyeyuki, usikimbilie kumpangusa. Joto lake limebaki ndani, koti linafanya kazi.

Chini ya kikomo hicho, kila nyuzi moja ya Selsiasi inaongeza mahitaji ya nishati kwa takriban asilimia 2. Na hesabu unaipiga kwa baridi pamoja na upepo, si kwa namba ya kipimajoto peke yake.

Mfano: ng'ombe wa kilo 600 mwenye mimba kubwa, siku ya kawaida anamaliza kama kilo 12 na nusu za hei (nyasi zilizokaushwa) ya wastani. Baridi ya upepo ikifika -35, yuko nyuzi 27 chini ya kikomo, mahitaji yanapanda zaidi ya nusu. Kwa hei ileile angehitaji kilo 19 na ushee, na hapo tumbo linaanza kugoma kwa sababu hei ya wastani inachukua muda mrefu kusagika. Ndiyo maana hei nzuri kuliko zote haitolewi Novemba. Inawekwa kwa ajili ya Januari na Februari. Anayeanza na robota zuri kwa sababu liko karibu na geti atalia mbele ya safari.

Kwa kundi la ng'ombe 200, siku ya kawaida ni marobota ya duara manne hadi matano ya kilo 600. Siku ya -35 ni sita hadi saba, ukihesabu na yatakayokanyagwa.

#2 KambaleMkavu

Mkuu, si uwape nafaka tu? Shayiri ina nguvu kuliko hei, robota mbili unaokoa.

#3 DaktariWaKwato

Hapo ndipo ng'ombe wanapouawa na mkono wa kuwasaidia. Tumbo kubwa la ng'ombe lina vijidudu vilivyozoea nyasi. Ukimwaga shayiri nyingi siku moja, asidi inapanda, ng'ombe anaacha kula, anaharisha, anaanza kuchechemea, wengine wanakufa. Shayiri au pumba unaanza na nusu kilo hadi kilo moja kwa kila ng'ombe, unapandisha nusu kilo kila baada ya siku mbili tatu, na kwa ng'ombe anayelishwa hei usivuke kilo mbili na kidogo. Tena nafasi ya hori iwatoshe WOTE kula kwa pamoja, la sivyo mababe wanakula ya watatu na wanyonge wanaangalia.

Baridi ya siku mbili: ongeza hei, nafaka usiiguse. Kusagika kwa nyasi tumboni ni jiko tosha, linatoa joto muda mrefu. Kama hukuweza kufidia siku ya dhoruba yenyewe, endelea kuongeza siku mbili tatu baada ya kutulia.

Na msisahau protini. Hei ya hovyo yenye protini chini ya asilimia 7 haisagiki vizuri, inakaa tumboni imejazana. Ng'ombe anaonekana ameshiba huku anakonda ndani ya manyoya. Manyoya ya baridi ni mwongo mkubwa: macho hayatoshi, shika kwa mkono mbavu za mwisho na mfupa wa kiuno. Kwa kipimo cha unene cha Marekani cha 1 hadi 9, ng'ombe anatakiwa azae akiwa 5, mtamba afike 6. Wakanada wanatumia 1 hadi 5, lengo ni 3. Ng'ombe aliyekonda Desemba ni vigumu sana kumnenepesha Februari, kila unachompa kinaishia kwenye kujipasha moto na kulea mimba.

#4 ZiziLaKaskazini

Nakazia hapo. Sasa maji, ambayo kwangu ndiyo kazi namba moja ya asubuhi, kabla hata ya hei. Ng'ombe asiyekunywa hali. Kwenye baridi anataka lita 30 hadi 45 kwa siku, kwa hiyo 200 wanataka kama lita 8,000. Birika likiganda saa 12 jioni na wewe ukaja saa 3 asubuhi, umeshapoteza mlo mmoja.

Mabomba yanafukiwa chini ya kina kinachoganda, huku ni mita 1.8 hadi 2.4. Bomba la kusimama la nje lina valvu chini kabisa, na ukifunga, maji yaliyobaki yanashuka na kutokea kwenye tundu dogo kule chini kwenye kokoto. Kosa la kila mgeni: kuacha mpira umechomekwa. Mpira ukibaki, hewa haiingii, maji hayashuki, na asubuhi bomba limepasuka futi tatu chini ya ardhi iliyoganda kama zege. Chomoa mpira, umwage maji yote, uuweke ndani. Kila mara.

Birika zenyewe zipo za aina tatu nne. La chuma lenye hita ya umeme ya wati 1,000 hadi 1,500. Lisilotumia umeme, lenye ukuta mnene wa kuhifadhi joto na mipira inayoelea ambayo ng'ombe anaisukuma kwa pua. Hili linahitaji ng'ombe wengi wanywe mara kwa mara ili maji mapya ya ardhini yaingie. Ukiliwekea ng'ombe watano linaganda tu. Halafu kuna tairi kubwa la mashine za migodini, limezibwa katikati kwa zege: jeusi, linanyonya jua, na ukilipiga shoka kuvunja barafu halitoboki.

Ukivunja barafu, toa vipande nje kwa uma au koleo. Ukiviacha ndani vinashikana upya, tena vinakuwa vinene zaidi.

#5 KambaleMkavu

Lakini ng'ombe si wanakula theluji? Kuna ranchi za Alberta hazipeleki maji kabisa.

#6 DaktariWaKwato

Ni kweli, na si uzembe. Ng'ombe mkavu, yaani asiyenyonyesha, mwenye mwili mzuri, akizoeshwa anaishi kwa theluji bila kupungua uzito. Masharti yake ni haya: theluji iwe laini na safi, iwe ya kutosha, na iwe inaendelea kupatikana. Upepo wa joto ukipita ikayeyuka kidogo kisha ikaganda juu, ule ukoko hawawezi kuuvunja kwa ulimi. Siku hiyohiyo wapelekewe maji. Wanaonyonyesha, waliokonda na ndama walioachishwa hivi karibuni, hao theluji isihesabiwe kuwa maji. Na kujifunza kunachukua siku kadhaa, mara nyingi wageni wanaiga wenyeji. Kundi lisilowahi, usilijaribishe katikati ya Januari.

Bwawa je? Msikate tundu katikati ya bwawa mkaacha kundi lijipange. Wakisongamana uzito unakuwa sehemu moja, barafu inakatika, wanazama chini yake. Zungushia uzio, pampu maji yaletwe kwenye birika pembeni.

#7 FundiNozeli

Kwenye birika la umeme kuna tatizo moja wengi hudhani ng'ombe ni wagonjwa. Ng'ombe wanakuja hadi birikani, wanatoa ulimi, wanaruka nyuma. Maji hayajaganda, ila hawanywi. Hiyo ni hita iliyoungua inayovujisha umeme ndani ya maji. Wewe mwenye gambuti za mpira husikii kitu, ng'ombe mwenye kwato nne kwenye matope anausikia hata ukiwa volti chache. Chukua mita, ncha moja kwenye maji, nyingine kwenye chuma kilichochomekwa ardhini mita kadhaa pembeni. Ukisoma chochote cha maana, zima, badilisha hita, kagua na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini). Saketi ya birika iwe na kile kikata umeme kinachokata papo hapo umeme ukivuja.

Uzio wa umeme nao unasinzia majira haya. Theluji kavu na ardhi iliyoganda hazipitishi umeme, kwa hiyo ng'ombe anagusa waya na hasikii kitu kwa sababu mzunguko haukamiliki. Dawa yake ni kufunga nyaya mbili sambamba, mmoja wa moto na mmoja wa ethi, aguse zote kwa pamoja. Halafu angalia theluji ilipojikusanya kwenye uzio wa kawaida. Ikigandamana hadi waya wa juu, ng'ombe wanapita juu yake kama daraja.

#8 DadaWaBrooks

Naomba fundi aendelee na trekta. Nimeambiwa huku ndiko siku nzima inakopotelea.

#9 FundiNozeli

Sawa dada. Trekta lisipowaka, ng'ombe hawali, ndiyo maana ranchi zenye akili zina mawili yanayoweza kubeba robota.

Dizeli kwanza. Dizeli ya kawaida namba 2 inaanza kutoa nta ikikaribia nyuzi -10, mara nyingine kabla. Nta inaziba filta, injini inawaka dakika mbili kisha inazima kama imekatwa roho. Namba 1 ni nyepesi, inavumilia hadi karibu -40, ila ina nguvu kidogo pungufu. Kwenye baridi kali unachanganya nusu kwa nusu au unaweka namba 1 tupu. Dawa ya kuzuia nta inatiwa KABLA dizeli haijaganda. Ikishaganda dawa hiyo haina kazi. Hapo unabadilisha filta, unaingiza trekta kwenye joto, unasubiri. Usiwashe moto chini ya tanki, tafadhali. Filta mbili za akiba zikae kwenye kabati la trekta, na tanki lijazwe jioni ili mvuke usigande ndani usiku.

Hita ya injini: ichomeke saa mbili hadi nne kabla ya kuwasha. Weka taima, si lazima ilale inawaka usiku kucha. Oili iwe 0W-40 au 5W-40. Zile nzito zinakuwa kama asali. Kabla ya yote, shika waya uone kama umeme unafika. Ng'ombe na panya wote wanaupenda waya huo.

Betri: iliyojaa haigandi hadi karibu nyuzi -60. Iliyokwisha inaganda kwenye -7 hadi -10 tu. Ukikuta betri imevimba au maji yake yameganda, usiibusti wala kuichaji, inaweza kulipuka usoni. Itoe, iyeyuke ndani taratibu, ndipo uipime.

Ikishawaka, iache ingurume taratibu bila kazi dakika 10 hadi 15, kisha inua na kushusha loda polepole mara kadhaa bila mzigo. Mafuta ya haidroliki yakiwa mazito ukilazimisha, sili zinachanika na pampu inalia. Matrekta mapya yenye tanki la urea (kimiminika cha kusafisha moshi wa ekzosi): urea inaganda kwenye -11. Tanki lina hita yake, ila usilijaze hadi juu, liache nafasi ya kutanuka.

#10 MzeeWaBeaverslide

Wenye dharau ya farasi wasome hapa. Kwenye bonde la Big Hole, Montana, karibu na mji wa Wisdom, zipo ranchi zinazolisha kwa sleji inayokokotwa na farasi wakubwa wa kazi. Farasi hahitaji hita ya injini. Wawili wanavuta sleji yenye hei iliyolegea, wanatembea wenyewe bila dereva, huku mtu mmoja au wawili wanatupa hei chini kwa uma. Trekta lingehitaji dereva na wa kutupa. Bonde hilo ndiko ilikobuniwa mashine ya mbao ya kupandisha hei kwenye lundo, iitwayo beaverslide, mwanzoni mwa karne iliyopita.

Farasi wa kupanda nao wana mambo yao. Kiatu cha kawaida kinabeba theluji chini ya kwato hadi farasi anatembea juu ya mipira. Unaweka pedi ya mpira inayosukuma theluji itoke, na vijimeno vya chuma kigumu kwa ajili ya barafu. Na chuma cha hatamu kipashe mkononi au ndani ya koti kabla hujakiingiza mdomoni. Ulimi unanata kwenye chuma cha -30.

#11 ZiziLaKaskazini

Asante mzee. Narudi kwenye kulisha, kuna kazi moja inayochosha na haisemwi: kutoa wavu kwenye robota. Robota la duara limefungwa kwa wavu wa plastiki. Mvua ya vuli imeingia, imeganda, wavu na nyasi na barafu vimekuwa kitu kimoja. Kishawishi ni kukata nusu na kuacha nyingine. Usifanye. Plastiki haisagiki, inajikusanya tumboni mwaka hadi mwaka, na siku moja ng'ombe anakata chakula, anakonda, anakufa na hamjui kwa nini hadi apasuliwe.

Namna inayosaidia: marobota yapangwe vuli kwa mistari ya kaskazini kwenda kusini, na nafasi kati ya mstari na mstari, ili jua liyapate pande zote mbili na theluji isijazane. Kata upande ambao haujaganda, vuta ukielekea upande wenye barafu, pasipotoka piga kwa mgongo wa shoka. Ya kutumia siku ya dhoruba yavuliwe wavu mapema, yakae chini ya paa. Wavu na kamba viingie kwenye mfuko palepale. Kamba iliyoachwa chini inajisokota kwenye shafti inayozunguka nyuma ya trekta. Na shafti hiyo, wakuu, nguo za baridi zilivyo nene na zenye mikanda, ndiyo hatari kubwa kuliko baridi yenyewe. Zima, shuka, ndipo uguse.

Kukunjua robota juu ya theluji safi ni kuzuri: ng'ombe wote wanapata nafasi, mbolea inasambaa, kila siku sehemu mpya. Siku ya upepo lakini, hei inaondoka na upepo. Hapo weka kwenye hori nyuma ya kizuizi.

#12 KambaleMkavu

Kizuizi gani? Si bora kuwajengea banda kabisa wakae ndani?

#13 DaktariWaKwato

Banda la ng'ombe 200 wa nyama ni kiwanda cha nimonia. Pumzi na mkojo vinalowesha hewa, manyoya yanalowa, unarudi kwenye kile kikomo cha nyuzi 15. Ng'ombe anataka vitu vitatu: upepo ukatwe, alale pakavu, ashibe. Paa ni la wanaozaa.

Kizuizi cha upepo kinachofaa si ukuta mzima. Ukuta mzima unafanya upepo uruke juu na kuanguka nyuma yake, unamwaga theluji juu ya ng'ombe haohao. Kinatakiwa kiwe na uwazi wa asilimia 20 hadi 25: mbao za sentimita 15, nafasi ya sentimita 4 hadi 5, zimesimama wima. Urefu kwenda juu mita 2.4 hadi 3. Kinakinga eneo la mara nane hadi kumi ya kimo chake. Kadiria sentimita 30 za uzio kwa kila ng'ombe. Pasipo nguzo, zipo fremu za chuma za kuhamisha kwa trekta.

Matandiko ni mabua makavu ya ngano au shayiri. Usipoyaweka, joto la tumbo linaishia ardhini, na chuchu na korodani zinaganda. Ongeza mapya juu ya ya zamani. Lundo linalooza chini linatoa joto.

#14 ZiziLaKaskazini

Kuhusu kulowa na upepo, tazameni dhoruba ya South Dakota ya tarehe 3 hadi 5 Oktoba 2013, watu wanaiita Atlas. Haikuwa baridi ya kutisha. Mvua ilitangulia, ikaloweka ng'ombe ambao hawajaota manyoya ya baridi, wako bado kwenye malisho ya kiangazi yasiyo na kinga, kisha theluji nzito na upepo mkali. Maelfu kwa maelfu walikufa. Wengi walitembea wakifuata upepo hadi kwenye kona za uzio na mitaro wakarundikana. Ng'ombe kwenye dhoruba anaupa upepo mgongo na kutembea. Kwa hiyo kundi linahamishiwa nyuma ya kizuizi kabla dhoruba haijafika, likiwa limeshiba. Ikishaanza huwarudishi.

Aliyepoteza mifugo kwa hali ya hewa Marekani ana mpango wa fidia wa wizara ya kilimo, unalipa asilimia 75 ya bei ya soko. Unataka ushahidi: picha zenye tarehe, hesabu ya kundi kabla na baada. Rekodi ziandikwe mapema, kumbukumbu ya kichwani hailipwi.

#15 DadaWaBrooks

Na kuzaa? Kwa nini wazalishe Februari na Machi wakati wanajua baridi ipo?

#16 DaktariWaKwato

Ni hesabu ya soko: ndama wa Februari ana kilo nyingi zaidi akiuzwa vuli, na watu wamemaliza kuzalisha kabla kazi za shambani hazijaanza. Wengine wamehamia Aprili na Mei na hawajuti. Binafsi naona ranchi isiyo na banda la kuzalia wala mtu wa zamu ya usiku haina sababu ya kuzalisha Februari.

Wanaozalisha baridi wanatumia ujanja wa saa ya kulisha. Gus Konefal, mfugaji wa Manitoba, aliwalisha ng'ombe wake karibu na saa sita mchana na tena saa nne usiku, na asilimia 80 wakazaa kati ya saa moja asubuhi na saa moja jioni. Huko Iowa walilisha mara moja tu, jioni jua likizama, matokeo yakawa mazuri vilevile. Anza wiki kadhaa kabla ya ndama wa kwanza. Haiondoi zamu ya usiku, inaipunguza.

Mitamba wakaguliwe kila saa mbili hadi tatu. Chupa ikishapasuka na miguu kuonekana, mtamba asipopiga hatua kwa saa moja, au ng'ombe mzoefu kwa nusu saa, ingia uangalie. Minyororo ya kuvutia izungushwe mara mbili kwa kila mguu, juu ya kifundo na chini yake. Ukifunga kitanzi kimoja unavunja mfupa.

Ndama akitoka: safisha pua, mkalishe kifudifudi miguu ya nyuma imetangulizwa mbele pande zote mbili, apumue kwa mapafu yote. Mkaushe kabisa, masikio na mkia ndiyo vinavyoganda kwanza. Kisha kidole mdomoni. Mdomo wa baridi ni alama mbaya. Pima joto kwa nyuma: kawaida ni 38.5 hadi 39.5. Akiwa 37 ameanza kupoa, chini ya 35 ni dharura. Kipima homa cha watu kisichoshuka chini ya 35 hakikusaidii, nunua kinachosoma hadi 32 au chini zaidi.

Aliyepoa sana anaingia kwenye maji ya nyuzi 38 hadi 40, kichwa umekishika juu, unaongeza maji ya moto kadiri yanavyopoa. Au sanduku la joto lenye feni, hewa isizidi 40, na LIWE NA MATUNDU. Sanduku lisilo na matundu linajaa unyevu, na likiwa na hita ya gesi linaua. Hatoki nje hadi awe mkavu hadi kwenye ngozi.

#17 KambaleMkavu

Dang'a (maziwa ya kwanza ya mama) ndama anapewa kabla au baada ya kupashwa moto? Nimesikia yote mawili.

#18 DaktariWaKwato

Yote mawili ni sawa kwa ndama tofauti. Aliyepoa kidogo, anayeweza kunyonya: dang'a ya nyuzi 39 kwanza, hiyo ndiyo petroli yake. Aliyelala hoi, hana nguvu ya kunyonya: mpashe kwanza, kwa sababu ukimwekea mpira wa kunyweshea akiwa hivyo, maziwa yanaweza kurudi na kuingia mapafuni.

Kiasi ni lita 2 ndani ya saa mbili hadi nne, na jumla ya asilimia 10 ya uzito wake ndani ya siku ya kwanza, yaani ndama wa kilo 40 apate lita 4. Utumbo unafunga mlango wa kinga ndani ya saa 24, na unaanza kufunga mapema zaidi ya hapo. Dang'a ya friza iyeyushwe kwenye maji yasiyozidi nyuzi 50. Ukichemsha, umepika kinga yote.

Mpira wa kunyweshea: pima kwa nje kutoka puani hadi begani, lowesha, pitisha upande wa kushoto wa mdomo, msubiri ameze. Papasa shingo: lazima uhisi mabomba MAWILI, la hewa lenye pete na huu mpira wako pembeni yake. Ukihisi moja, toa, anza upya. Ndipo uinue mfuko wa dang'a. Ukimaliza, kunja mpira kabla hujauvuta, matone yasidondokee kwenye njia ya hewa.

Kuhara kwa ndama ni janga la wiki ya tatu ya kuzalisha, pale ndama wa mwanzo wanapowaambukiza wachanga. Nebraska wana mfumo wa Sandhills: kila siku saba, ng'ombe ambao HAWAJAZAA ndio wanaohamishiwa eneo jipya. Waliozaa wanabaki na ndama wao. Kila kundi la ndama linakuwa na umri unaopishana wiki moja tu.

#19 MamaNdamaMakete

Dokta, shikamoo. Huku Kitulo hatuna theluji lakini Juni na Julai sakitu inalala kwenye nyasi na upepo unakata. Haya yanatuhusu?

#20 DaktariWaKwato

Marahaba mama. Yanawahusu sana, sehemu ya kulowa. Ng'ombe wenu hawaoti manyoya mazito kama ya huku, na wakinyeshewa wanahesabiwa kwenye kikomo cha nyuzi 15, ambacho Kitulo inakishuka sana usiku wa Juni. Ng'ombe anayekamuliwa maziwa mengi ana joto lake, ila ndama hana. Mabua makavu ya kumzamisha miguu, ukuta upande wa upepo, dang'a mapema, na kiasi cha maziwa kiongezwe siku za baridi. Hivyo vinatosha, hita hamuhitaji.

#21 FundiNozeli

Nimalizie mavazi kwa kifupi maana watu wamenifuata PM. Pamba isiguse ngozi, ikilowa jasho haikauki. Sufu ndani, sufu au flisi katikati, ovaroli nene la kuzuia upepo nje. Viatu vyenye soksi ya ndani ya kutoa, na uwe na jozi mbili, moja inakauka. Viatu vikibana, damu haipiti, vidole vinaganda. Glavu za vidole kwa kazi ndogo, juu yake glavu nene zisizotenganisha vidole. Baridi ya upepo ya -28 hadi -39 inagandisha ngozi iliyo wazi kwa dakika 10 hadi 30. Ya -40 hadi -47, dakika 5 hadi 10. Kidole kikiwa cheupe na hakisikii, usikisugue, na theluji ndiyo kabisa usiitumie. Maji ya uvuguvugu, na kama utarudi tena kwenye baridi hiyohiyo usikiyeyushe kwanza. Kuganda mara ya pili ndiko kunakokata vidole.

Gari likikwama kwenye dhoruba, baki ndani. Washa injini kama dakika 10 kila saa, na kila mara shuka kwanza uondoe theluji kwenye ekzosi.

#22 DadaWaBrooks

Swali la mwisho. Madume wanaachwa nje na wengine?

#23 ZiziLaKaskazini

Wanatengwa, wanapewa kizuizi na matandiko mengi kuliko wote, na ndio wanaosahaulika kuliko wote. Korodani zikiganda utaona kigaga cheusi chini ya mfuko. Mbegu huchukua kama siku 60 kutengenezwa upya, kwa hiyo dume lililoganda Februari likipimwa Machi linaweza kufeli na likapimwa tena Mei likapita. Usiliuze kwa kipimo cha kwanza. Ila likiwa na kovu kubwa lililoshikana na korodani haliwezi tena kuzishusha na kuzipandisha. Hilo lipeleke mnadani mapema, uwe na muda wa kutafuta jingine kabla ya Juni.